Jumamosi nane za kujifunza kuuliza: mafunzo ya uchambuzi wa mahitaji ya mifumo, Mbeya mjini

Mimi ni karani wa mashine ya kukoboa mpunga Igurusi. Mwaka jana bosi wetu alilipia mfumo wa kompyuta wa kupokea na kutoa mizigo ya wakulima, na baada ya wiki mbili tukarudi kwenye daftari. Mfumo ulimtaka mkulima aliyeweka magunia 40 ayatoe yote kwa mkupuo. Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Mtu huweka mpunga ghalani akisubiri bei, akatoa magunia sita shule zikifunguliwa, matatu ukitokea msiba, yaliyobaki anayakoboa mwezi wa kwanza au wa pili. Kijana aliyeutengeneza alikuwa fundi kweli wa kompyuta. Lakini alikaa na bosi ofisini saa moja, akanywa chai, akaondoka. Ghalani hakukanyaga.

Ndiyo maana nililipa shilingi 180,000 za mfukoni kwangu kwa mafunzo haya ya Jumamosi nane, kwenye ghorofa moja jirani na Kabwe. Nilitaka kujua ni swali gani ambalo hatukuulizwa.

Wiki za mwanzo unafundishwa kutenganisha mambo mawili: mfumo ufanye nini, na ukifanye kwa kiwango gani. Mimi niliandika "mfumo uwe wa haraka", mwalimu akanirudishia karatasi. Haraka ya nani? Nikaandika upya: "Risiti ya mzigo itoke ndani ya sekunde 10 tangu karani abonyeze kuhifadhi, intaneti iwepo isiwepo." Sentensi hiyo unaipima kwa saa ya mkononi, na fundi hana pa kubishia.

Ila thamani ya ada yangu yote niliipata wiki ya nne. Mnapangwa wawili wawili, kila mmoja anakwenda kushinda kazini kwa mwenzake, na sharti ni kutazama kwanza, maswali baadaye. Mimi nilipangwa na dada mmoja wa duka la pembejeo Mwanjelwa. Alikuja Alhamisi ya mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto, fuso tatu zinashusha, makuli wanapigana vikumbo. Akasalimia wazee, akakaa juu ya gunia karibu na mzani tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa kimya mpaka mchana. Kisha akaweka kidole kwenye daftari langu.

"Kaka, hizi nyota ni za nini?"

Pembeni mwa baadhi ya majina huwa nachora nyota kwa kalamu nyekundu. Maana yake mkulima huyo alichukua fedha kwa bosi wakati wa kupandikiza, na mzigo wake hautoki bila bosi kujua. Nimechora nyota hizo miaka sita. Yule kijana wa mfumo aliponiuliza tunaandika nini, nilimtajia tarehe, jina, idadi ya magunia, namba ya simu. Nyota sikuitaja, kwa sababu nilishaizoea kiasi kwamba sikuihesabu kuwa taarifa. Mahojiano ya mwaka mzima yasingeitoa kwangu. Iliibuliwa na mtu aliyekaa akatazama.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliifanyia kazi nyota ile karibu saa nzima. Nani anaiweka? Nani anaifuta deni likiisha? Bosi akiwa safarini, nani anaruhusu mzigo? Mkulima akilipa nusu, inakuwaje? Maswali mawili sikuwa na jibu. Nikatoka kwenye korido kumpigia bosi, naye akanyamaza kidogo, akasema tutalizungumza nikirudi.

Kuanzia wiki ya sita mambo yanalegea. Michoro ya UML (alama maalumu za kuchora jinsi mfumo unavyofanya kazi) na ya kanzidata imebanwa kwenye Jumamosi mbili, kompyuta tano kwa watu kumi na sita, na mwalimu wa sehemu hiyo anasoma slaidi. Kitini kinafundisha kuandika waraka wa mahitaji kwa mpangilio wa IEEE 830, mwongozo wa wahandisi wa kuandika mahitaji ya programu, wa mwaka 1998, bila kumwambia mtu kwamba tangu 2011 nafasi yake ilichukuliwa na ISO/IEC/IEEE 29148, ambayo nayo ilitolewa upya 2018. Anayekwenda kuomba kazi kwa kitini hicho anaonewa.

Lililoniuma zaidi ni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutajwa hata mara moja. Daftari langu lina namba za simu na za NIDA za mamia ya watu, pamoja na madeni yao. Nani aone deni la nani ni hitaji la mfumo, linaandikwa ukurasa wa kwanza. Nimewaandikia hivyo kwenye fomu ya maoni, na nawaomba sana walirekebishe.

Kama wewe ni karani, mhasibu au mtunza ghala na ofisi yenu inataka kununua mfumo, nenda. Kama shida yako ni kuchora UML vizuri, hapa utatoka na njaa.

Beba sweta, chumba kile asubuhi ni baridi kali. Na uende na daftari lenyewe la kazini, picha za simu hazitoshi. Langu lilifunguliwa mpaka kurasa za nyuma, ambako watu huandika yale yasiyo na safu, na huko tukakuta mahitaji mengine manne.