Taima za systemd kwa seva za wilayani

Mwenye seva Tabora mjini na nyingine Nzega, Urambo na Sikonge, zote zikituma bakapu (nakala za akiba) usiku kwenye ile ya mjini, aachane na cron, programu ya zamani ya kuendesha kazi kwa ratiba, ahamie taima za systemd, mfumo unaosimamia huduma za Linux. Ni bure, na kwenye Debian au Ubuntu tayari zimo.

Sababu kubwa ni umeme. Seva ikiwa imezimika saa nane usiku, cron ya kawaida huiruka kazi hiyo kimyakimya. Kwenye taima unaandika Persistent=true chini ya OnCalendar (mstari wa ratiba), na seva ikiwaka asubuhi kazi iliyorukwa inaanzishwa. Weka pia RandomizedDelaySec=30min (ucheleweshaji wa kubahatisha hadi nusu saa), kila seva ipate dakika yake, zisigombanie laini moja ya intaneti. Uzuri wake, ucheleweshaji huo hufanya kazi hata kwa kazi zilizorukwa, kwa hiyo umeme ukirudi wilaya zote kwa mpigo, seva ya mjini haizidiwi.

Wengi hunaswa hapa: systemd huweka alama kuwa kazi imefanyika pale inapoanza, si inapokwisha. Umeme ukikatika bakapu ikiwa nusu, Persistent haiirudii. Dawa ni kuongeza OnBootSec=10min (kazi ianze dakika kumi baada ya seva kuwaka) kwenye taima ileile, na skripti ianze kwa kuangalia kama faili la leo lipo. Faili liandikwe kwa jina la muda kwanza, lipewe jina lake halisi likishakamilika. Bila hivyo nusu faili litahesabiwa kuwa zima, na utaligundua siku unayolihitaji.

Kuhusu saa, saa nane usiku ni 02:00, si 08:00. Angalia saa ya seva kwa amri ya timedatectl: seva iliyobaki kwenye UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa tatu) itafanya kazi hiyo saa kumi na moja alfajiri yetu. Na unapowasha, amri ya systemctl enable --now ni ya faili la .timer (ratiba), si .service (kazi yenyewe).

Udhaifu upo, tena si mdogo. Kila seva inajijua yenyewe tu. Kusambaza mafaili utahitaji Ansible (programu ya kupanga seva nyingi kwa pamoja), na kukagua utaendesha systemctl list-timers kwenye kila mashine. Kazi ikifeli hupati taarifa mpaka uweke OnFailure= inayoita huduma ya kutuma ujumbe; usiiache hata kwa seva mbili. Kama kazi ya Nzega lazima isubiri ya Urambo imalizike, taima hazitoshi, tafuta Rundeck, programu ya kuratibu kazi za seva nyingi.