Phoenix mpya au baiskeli ya gia: ipi kwa vijia vya Lushoto masika yakianza?

Kwa barabara tambarare na mizigo, chukua Phoenix: fremu ya chuma, keria imara, spea kila gulio. Kwa vijia vya kwenda Irente au msitu wa Magamba, nunua ya gia. Milima ya Usambara haina huruma, na gia moja itakufanya uisukume baiskeli kwa mkono.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni breki. Za Phoenix ni fito za chuma zinazovuta raba zibane rimu kwa ndani. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza, na mteremko wa udongo mwekundu hausubiri. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi kwenye mvua, ila matope husaga raba upesi. Zikague kila ukirudi. Mifereji ya raba ikifutika, badilisha.

Gia nazo zina gharama. Tope likikaa kwenye cheni hula meno. Osha kwa maji yasiyo na presha, yasije yakaingia kwenye gololi, kausha kwa kitambaa, tia tone moja la oili kila kiungo, kisha futa inayozidi.

Tairi za inchi 26 kwa 2.1 zenye meno marefu zinafaa. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 30 hadi 35 unatosha. Ukijaza 50, tairi litadunda juu ya mizizi.

Dukani, inua gurudumu la nyuma, lizungushe, pitisha gia zote. Rimu ikigusa raba upande mmoja, fundi akaze spoku kabla hujalipa.