Raspberry Pi OS ya biti 64: inakimbia kweli ila sio kila mahali

Watu wakisikia Raspberry Pi OS, ule mfumo endeshi wa vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi, ipo ya biti 64 (yaani prosesa inashika namba za biti 64 kwa mkupuo), wanapiga hesabu chap, 64 si ni 32 mara mbili, basi na spidi mara mbili. Hapana bana. Mi natumia hii ya 64 kwenye Raspberry Pi 4 ya ram giga 8, na kabla yake nilikuwa na ya 32 kwenye bodi hiyohiyo, kwa kuperuzi na kuandika andika hutaona tofauti yoyote ya maana.

Utamu uko kwenye hesabu nzito. Kwenye biti 32, kujumlisha namba ya biti 64 lazima ikatwe vipande viwili, kianze cha chini, kinachozidi kibebwe kwenda cha juu, wakati kwenye 64 ni amri moja tu imeisha. Afu kuna rejista, vile visanduku vidogo ndani ya prosesa vya kushikia namba, hapa unapata 31 za kazi za kawaida badala ya 16, kwa hiyo programu haiendi rudi kwenye memori kila saa. Ukitaka kujionea chukua faili kubwa ulipige sha256sum halafu sha512sum, amri za kukokotoa alama ya utambulisho ya faili kwa njia za SHA-256 na SHA-512 (rudia mara ya pili faili likiwa limeshakaa kwenye ram, usije ukapima kadi ya SD ukadhani unapima prosesa). SHA-256 inakula biti 32 kwa mkupuo, SHA-512 inakula 64, na chipu ya Pi 4 haina amri maalum za usimbaji, so ile 512 inayoonekana nzito ndo inamaliza kwanza.

Kwenye ram pia, ya 32 itakuonyesha giga 8 zote unafurahi, kumbe programu moja haivuki giga 3 au 4 hivi. Kwa anayeendesha database kubwa hapo hakuna mjadala, hamia 64.

Sasa ubaya wake. Kila pointa (anwani ya kitu kwenye memori) inakuwa baiti 8 badala ya 4, kwa hiyo programu zilizojaa vitu vidogo vinavyoelekezana, kama Python au brauza, zinavimba, na kache, ile memori ndogo ya haraka ya prosesa, inabeba vichache zaidi. Pi Zero 2 W, ile bodi ndogo, chipu yake ni ya 64 lakini ram ni mega 512 tu, mi hiyo ningeiacha na 32 yake bila wasiwasi.

Kingine, msidanganywe na amri ya uname -m, siku hizi kerneli (kiini cha mfumo) inaweza kusema aarch64, yaani biti 64, huku programu zote bado ni za 32, andika getconf LONG_BIT, ikijibu 64 au 32 ndo utajua ukweli.

Chipu ya biti 64 ilikuja na Pi 3 mwaka 2016, mfumo wa 64 ukatoka beta (hatua ya majaribio) Februari 2022, kwa hiyo kwa Pi 3 na 4 ni kuchagua tu. Ila mwenye Pi ya kwanza kabisa au Zero ya mwanzo asijisumbue hata kuidaunilodi, zile prosesa ni za biti 32, haitawaka.