Kompyuta wanazijua, adabu hawana: uzoefu wangu na kampuni inayolinda kompyuta za kliniki yetu ya meno

Jina la kampuni silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Wako Unguja, wanauza mikataba ya kulinda kompyuta za kliniki na hospitali binafsi, na sie huku Chake Chake ni wateja wao muda sasa. Naandika hivi sasa hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwasamehe, na bado sijataka kuwasamehe.

Wanaweka antivirasi gani na bei zao ngapi kawaulizeni wenyewe. Mie nazungumzia tukio moja tu na mtu mmoja.

Siku yenyewe daktari keshampiga mgonjwa sindano ya ganzi, gego la chini, anataka aitazame eksirei kabla hajang'oa. Huku mapokezi dada yetu anatafuta faili la mgonjwa mwengine, halifunguki. La pili halifunguki. Akatazama vizuri akaona majina ya mafaili yameongezwa viherufi mwishoni havisomeki, na yanabadilika hivi hivi anayaona, moja baada ya jengine, kisha kwenye skrini kukatokea maandishi ya Kiingereza kwamba mafaili yenu yamefungwa, mkiyataka lipeni kwa bitcoin. Hakupiga kelele, wala hakuizima kompyuta. Aliinama chini ya meza akachomoa waya wa mtandao, akakimbilia chumba cha eksirei akachomoa na wa huko, ndipo akampigia simu fundi wa kampuni. Nilimkuta anazungumza na simu na ule waya wa buluu bado kaushika mkononi, hataki kuuachia.

Na hayo alifundishwa na nani? Na kampuni hiyo hiyo! Walimleta kijana wao mmoja, mtoto wa huku huku Pemba, akatufundisha kwamba ukiona mafaili yanajibadilisha usihangaike na kitu chengine, itoe kompyuta kwenye mtandao kwanza isije ikaziambukiza nyengine, na usiizime maana mafundi watataka kuona kilichokuwa kinaendelea ndani. Dada alifanya alivyoambiwa, neno kwa neno.

Kesho yake akaja mkuu wao wa mafundi kutoka Unguja. Kwenye benchi wamekaa watu, kuna mzee wa makamo ya baba yake, kuna mama na watoto, anaingia hana salamu, hana hodi, anauliza tu "Nani kaligusa hili?" Dada akamjibu kwa adabu, "Ni mimi kaka, niliona mafaili yanabadilika." Lahaula, alivyomrukia! "Wewe kazi yako kuandika majina ya wagonjwa, nani kakutuma uchezee waya? Nyinyi ndio virusi wenyewe, mnafunguafungua kila mnachotumiwa." Mbele ya watu wote wale. Dada hakumjibu kitu, alivuta mtandio akajifunika uso. Yule mzee ndiye aliyesema, "Mwanangu, hivyo sivyo." Na yeye hata hakugeuka kumtazama.

Mie hapo nilikuwa nishaamua, mkataba navunja leo leo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Yule kijana wa Pemba alibaki mpaka usiku anapekua kumbukumbu za mashine, akaniita, "Mama njoo uone." Dada hakufungua kitu. Hakuna barua pepe, hakuna kiambatanisho, hakuna flashi. Wahalifu waliingia usiku, kliniki imefungwa, kwa kupitia programu ya kampuni wenyewe, ile wanayoitumia kuingia kwenye kompyuta zetu wakiwa Unguja. Paswedi yake ilikuwa moja kwa wateja kadhaa, na hakuna ile hatua ya pili ya kutumiwa namba kwenye simu kabla hujaingia. Yaani ni mlinzi kaacha ufunguo wake mlangoni, halafu asubuhi anamshika mpishi kwa wizi.

Na jambo hili si geni, mtu wa kazi hiyo hana udhuru wa kutolijua. Agosti 2019 huko Wisconsin, Marekani, kulikuwa na programu inaitwa DDS Safe ya kampuni ya Digital Dental Record, kazi yake khasa ni kuzihifadhia kliniki za meno nakala za mafaili ili ransomware, yaani virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa kama vilivyotupata sie, ikija wasipoteze kitu. Wahalifu wakapita kwa hao hao walinzi, kliniki kiasi cha 400 zikafungiwa mafaili kwa mpigo. Daktari wa meno hakukosea popote, mlango uliovunjwa ni wa aliyelipwa kumlinda. Baada ya hayo unaachaje paswedi moja kwa wateja chungu nzima?

Haya, haki nayo niiseme. Mafaili ya wagonjwa yalirudi. Ile diski ya nje ya bakapu iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mapokezi nayo ilifungwa, maana kitu kilichochomekwa muda wote kinaambukizwa pamoja na mashine, lakini nakala walizokuwa wakizipeleka kwenye seva ya mbali zilikuwa nzima, na ndani ya siku chache tukawa tunafanya kazi, tumepoteza miadi kidogo tu, na hatukulipa hata senti kwa wahalifu. Kuna kliniki zisizo na mkataba na mtu yeyote, zingepigwa hivi zisingeinuka tena. Kwa hilo nilikaa nikasema labda niwape nyota tatu, labda hata nne kwa ajili ya yule kijana.

Lakini nikifika kwenye eksirei damu inachemka upya. Kompyuta ya eksirei ni Windows 7, kwa sababu programu ya kile kidude cha kupigia picha mdomoni haikubali Windows mpya, na kununua kidude kipya ni pesa nyingi. Microsoft waliacha kuitengenezea Windows 7 viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia wahalifu, tangu Januari 2020. Wakati wa ransomware ile iliyoitwa WannaCry, Mei 2017, hospitali za Uingereza zikifungiwa mashine, duniani wengi walioathirika walikuwa na Windows 7 hii hii ambayo haikutiwa kiraka. Sasa mashine dhaifu kuliko zote ndiyo inayohitaji ulinzi zaidi, si ndio? Kwenye mkataba wao haimo! "Haihusiki", ndivyo walivyoandika. Haina bakapu, na haijatengwa kwenye mtandao wake peke yake. Picha zote za miaka, mizizi ya meno ya watu, taya za watoto tunaowafuatilia wanavyokua, zilikuwa humo bila ya nakala popote. Zimesalimika kwa sababu moja tu, kuna mwanamke aliyechomoa waya. Huyo huyo aliyeitwa virusi.

Na tusidhani ni meno tu. Kwenye faili la mgonjwa mna namba ya simu, kitambulisho chake cha Mzanzibari, ana sukari, ana presha, anatumia dawa gani, ana homa ya ini, mengine hata mumewe hayajui. Hiyo ni amana. Kijana anasema hajaona dalili ya vitu kunakiliwa na kutolewa nje, nikamwambia niandikie na utie saini, na kampuni mpaka leo inanizungusha. Polisi tumeripoti, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inalihesabu kosa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ya ruhusa.

Mkataba sijauvunja. Kijana amebadilisha paswedi, kila fundi ana yake na namba inakuja kwenye simu, kompyuta ya eksirei ameitoa kabisa kwenye intaneti na kuna diski inachomekwa jioni, inanakiliwa, inachomolewa na kufungiwa kabatini, na ufunguo anao dada wa mapokezi. Nilimpa mimi mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote.

Kwa hiyo mkiniuliza niwachukue au nisiwachukue, chukueni, ila mkataba usomeni mashine kwa mashine, na mwambieni mkurugenzi wao mnamtaka fundi wa Pemba. Nyota mbili. Yule mkuu wa mafundi akija kumuomba dada radhi, hapo hapo kwenye benchi, watu wakiwa wamekaa, nitaongeza.