Fainali ya mita 200 kipepeo, Budapest 2022: mbio naipa tano kwa tano, apu ndo tatizo

Yaani kama unapenda kuogelea na hujaona marudio ya fainali ya wanaume mita 200 mtindo wa kipepeo (butterfly), Mashindano ya Dunia Budapest 2022, tafuta video nzima, achana na vile vipande vifupi. Vinaonyesha mwisho tu, na utamu wa mbio hii uko katikati, pale wengine wanaanza kuchoka, nyonga zinazama, mikono inatoka majini kwa shida, halafu Kristóf Milák yeye anateleza tu kama hana haraka, mabega laini, kichwa kinarudi majini kabla ya mikono, aisee nimerudia hapo mpaka basi. Kagusa ukuta 1:50.34, kavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia, 1:50.73 ya mwaka 2019, tena kwao Hungaria! Wa pili Léon Marchand 1:53.37, sekunde 3 nzima nyuma.

Kilichoniudhi ni apu niliyolipia, picha inaganda ovyo na sauti inatangulia, mtangazaji anashangilia ushindi mimi bado naona mtu anageuka ukutani. Apu naipa mbili, na wasiporekebisha silipii tena.