Amplifaya au Nyaya: Pesa Iende Wapi Kwanza?

Kama una spika nzuri na akiba kidogo, anza na amplifaya kabla ya nyaya za spika. Spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inadai mkondo mwingi wa umeme, na amplifaya ndogo ikizidiwa hukata vilele vya mawimbi. Ndiyo maana ukiongeza sauti besi ya rumba inavurugika na mwimbaji anakwaruza. Waya hautibu hilo, hata uwe wa bei gani.

Ila usinunue kwa kutazama wati peke yake. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti: zinasikika, lakini si maajabu. Muhimu zaidi ni amplifaya kumudu omu 4 bila kuchemka.

Nyaya nazo zina hesabu yake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, mita 5, una ukinzani wa karibu omu 0.23 kwenda na kurudi; wa 2.5 unashuka hadi 0.07. Kwa spika ya omu 8, tofauti hiyo haifiki robo ya desibeli. Wa 2.5 unaouzwa kwa mita dukani unatosha kabisa, mradi uwe shaba tupu. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Spika yangu ya kushoto ilikuwa ikikatakata. Nikafungua skrubu, nikakuta ncha ya waya imeota ukijani. Nilikata sentimita mbili, nikaimenya upya, nikaikaza. Ikatulia siku hiyohiyo, bila kununua chochote.