Kozi ya naitroksi Zanzibar: nilichopata kwa pesa yangu

Nimesoma kozi ya kuzamia kwa naitroksi, yaani hewa yenye oksijeni zaidi ya kawaida, kwenye kituo kimoja cha Nungwi, na kwa kuwa kila nikipanda boti kuna anayeuliza kama inastahili gharama yake, naandika hapa. Kwangu imestahili. Ila si kwa sababu inazouziwa, wala si kila mzamiaji anaihitaji.

Kwanza, naitroksi haikupeleki chini zaidi. Wengi wanaamini hivyo, na ni imani ya hatari. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Naitroksi ni hewa hiyo hiyo iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 au 36, na kozi hii inaishia 40. Sasa oksijeni nayo, ukiivuta kwa shinikizo kubwa, huwa sumu. Mtu anaweza kushikwa na degedege chini ya maji bila dalili yoyote ya kutangulia, na degedege majini maana yake ni kufa maji. Kwa hiyo tunafundishwa kutovuka shinikizo la oksijeni la bar 1.4. Ukiwa na mtungi wa 32 mpaka wako ni kama mita 33; ukiwa na wa 36 ni mita 28. Mwenye cheti cha mita 40, akibeba naitroksi, hafiki kina alichozoea.

Faida yake ni muda. Naitrojeni ikipungua kwenye mtungi, inayoingia mwilini nayo inapungua, na ndiyo hiyo inayotulazimisha kupanda mapema. Kwa jedwali la PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, mita 18 kwa hewa ya kawaida unapewa dakika 56 za kukaa chini. Kwa 32 unapewa dakika 95. Mita 30, dakika 20 zinakuwa 30. Nilikuja kuionja tofauti hiyo kisiwani Mnemba, mahali pa kuzamia paitwapo Kichwani, kwenye mbizi ya pili ya asubuhi. Kwa hewa ya kawaida mbizi ya pili ndiyo inayobana, kwa sababu mwili bado una naitrojeni ya ile ya kwanza. Safari hii kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi na kuhesabu muda uliobaki, ilinionyesha dakika za kutosha, tukabaki na kasa aliyekuwa akila kwenye matumbawe mpaka akaondoka mwenyewe.

Wengine husema pia kwamba naitroksi inaondoa uchovu. Mimi sikuhisi tofauti ya kuapia, na tafiti zilizofanywa juu ya jambo hilo hazijakubaliana, kwa hiyo usilipie kozi kwa sababu hiyo.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kupima mtungi, yaani kujua oksijeni iliyomo ni asilimia ngapi. Mwalimu wangu, kijana wa hapo hapo Nungwi, somo lote alilieleza kwa Kiswahili safi ingawa vitabu tulisoma kwa Kiingereza, na kwenye kipimo hakuniachia nafasi ya kubahatisha. Unawasha kipimo, unakirekebisha kwa hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9, kisha unafungua valvu kidogo tu, hewa itoke taratibu, unakisogeza na kusubiri namba itulie. Wangu ulitulia 31.8. Nikaandika kwenye utepe wa mtungi: 32, mita 33, tarehe, na herufi za jina langu, nikatia saini kwenye daftari la kituo, nikaiweka kompyuta yangu 32. Sheria ni kwamba anayeuvuta mtungi ndiye anayeupima, au auone ukipimwa mbele ya macho yake. Hata aliyeujaza awe ndugu yako wa damu.

Nasisitiza hili kwa sababu kabla ya hapo niliulizia kituo kingine, nikaambiwa mitungi imeshapimwa asubuhi, mimi nisome tu, nifanye mtihani na kuchukua kadi. Nikaondoka. Kozi yenyewe kwa PADI hailazimishi hata kuzama, inaweza kuisha kwa siku moja. Ukiiondolea kipimo, unabaki umenunua kadi.

Kama bado unamaliza mtungi wako kabla kompyuta haijaanza kulalamika, subiri. Naitroksi haiongezi hewa hata punje. Pesa hiyo itakufaa zaidi ukiongeza mbizi na kujifunza kupumua kwa utulivu. Lakini kama unazama mara mbili au tatu kwa siku, siku kadhaa mfululizo, kati ya mita 18 na 30, isome. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kama utashika kipimo kwa mkono wako mwenyewe, na kama mtungi wa naitroksi unalipiwa zaidi kila unapozama. Vituo vingine huujumuisha kwenye bei, vingine hukutoza juu yake, na kwa anayezama wiki nzima tofauti hiyo inaweza kupita gharama ya kozi.